Pingamizi Dhidi ya Ndoa ya Binti Yangu na Tarishi wa Miguu Minne

Kwa Msajili wa Ndoa,
Ofisi ya Wilaya, ghorofa ya pili,
mlango unaofuata ule usiofunguka.

Mheshimiwa Msajili,

Natumaini hujambo, na kiti chako pia hakijambo, maana siku niliyofika ofisini kwako kilikuwa kinalia kuliko watoto wa kliniki. Mimi ni fundi cherehani wa mlango wa buluu. Mtaa mzima huniita Mama Mkasi, na sijapata kuuliza kama ni kwa sababu ya kazi au ya ulimi.

Wiki tatu zilizopita ulibandika kwenye ubao wako tangazo kwamba binti yangu wa pekee anataka kuolewa na tarishi wa mtaa wetu, na kwamba mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku ishirini na moja. Kesho ndiyo siku ya ishirini na moja. Nimechelewa kwa kuwa nilikuwa nakusanya ushahidi, na pia nilikuwa na sare za shule za kumalizia.

Tarishi huyu, kama unavyojua, ni Mkwato. Sina chuki na Wakwato. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni watu kama mimi na wewe, na wengine wana sura nzuri kukushinda, usinikasirikie. Shauri liko kiunoni kwenda chini. Huko kuna miguu minne, kwato nne, mkia mmoja, na mgongo unaoweza kuanikiwa shuka mbili na foronya zake. Sheria inasema kila mtu mzima ana haki ya kuoa, wala sikatai. Naomba tu kuelezwa walioiandika walikuwa wanafikiria miguu mingapi.

Sababu zangu ni hizi:

1. Hakai. Siku alipokuja kujitambulisha nilimpa kiti. Akashukuru, akasimama kando ya kiti. Nikaleta kigoda. Akashukuru, akasimama. Nikatandika mkeka wa wageni, ule ambao hata marehemu mume wangu aliukalia kwa ruhusa. Akausifu sana mkeka, kisha akasimama saa mbili nzima, kichwa kinagusa taa. Mgeni anayekataa kukaa anakuambia nini, kama si kwamba nyumba hii anapita tu? Nilimwendea mwalimu mstaafu, jirani yangu, aliyewafundisha Wakwato miaka thelathini. Akanituliza, akasema kwao Mkwato hakunji miguu ovyo. Huikunja pale tu anapopahesabu kuwa ni kwake. Basi nikakasirika vizuri zaidi, kwa kuwa sasa nilikuwa na sababu.

2. Suruali. Bwana arusi huvaa suti, na suti ni koti na suruali. Nimeshona miaka ishirini na sita, na sijashindwa na mwili wa mtu. Nimemvalisha muuza nyama anayetangulia kuingia kwa tumbo, nimemvalisha hakimu mwenye bega moja juu na moja chini, na wote wawili walitoka hapa wamenyooka. Kwa huyu nilikaa na chaki mkononi siku tatu. Suruali inakaa mbele, au nyuma, au ni mbili? Zikiwa mbili, mkanda unafungwa wapi? Nilimpima, kwa ajili ya ushahidi tu, usije ukafikiri mengine. Mguu wa mbele inchi thelathini na nane, wa nyuma arobaini, kutoka kifuani hadi mkiani futi sita na nusu. Kumbe anatekenyeka ubavuni! Mwanamume mzima anacheka kama mtoto mchanga, anarukaruka, mpaka chaki yangu ikakanyagwa ikawa unga. Vipimo nimeviambatanisha.

3. Mioyo. Wakwato wana mioyo miwili, mmoja kifuani kama wetu, na mwingine huko chini, mkubwa kama tikiti. Muuguzi wa zahanati, ambaye mimi ndiye ninayemshonea, amenithibitishia kwamba wa juu hupiga haraka, wa chini hupiga taratibu, na wala haiulizani. Sasa binti yangu anapendwa na upi? Fomu yako ina mstari usemao "kwa moyo wangu wote". Huyu akitia sahihi hapo, ametoa yote au ametoa nusu na nusu ameweka akiba? Naomba ichapishwe fomu mpya kwa ajili ya watu wa namna hii, yenye nafasi ya kila moyo na shahidi wa kila moyo, na ndoa isubiri mpaka fomu ifike. Najua kasi ya wachapaji wenu. Itachukua miaka sita hivi, na mimi sina haraka.

4. Usingizi. Hawa hulala wamesimama, wala hawalali mwili mzima kwa mara moja. Nyuma hutangulia, mbele hufuata. Niliona kwa macho yangu saa nane mchana, hapa hapa mbele ya cherehani: nusu ya juu inanisimulia habari za barua zilizokosa anwani, nusu ya chini imelegeza mguu mmoja na imeshalala zamani. Ukiwa na mume wa hivyo, utajuaje kama umemgombeza yeye mzima au umemgombeza nusu? Nilimwuliza kaka yangu seremala habari ya kitanda. Akaniambia, "Dada, huyo hahitaji kitanda, mtafutie ukuta wa kuegemea." Ukoo wetu haujapata kutoa ukuta kama zawadi ya arusi.

5. Mkia. Hapa naomba uvae miwani. Mkia wa Mkwato haujui uongo. Mwenyewe akisema kweli, unatulia. Akisema uongo, hata uwe wa adabu, unapiga kushoto, unapiga kulia, na hana uwezo wa kuuzuia kama wewe usivyoweza kuzuia kwikwi. Nilimpikia. Nikamwuliza kama chakula kimekolea. Akajibu, "Kitamu mno, mama, sijapata kula kama hiki." Mkia ukapiga kushoto, ukapiga kulia, ukaangusha kopo langu la vifungo. Tuliviokota mpaka magoti yakaniuma, yeye akiniomba radhi kwa kila kifungo, na mkia umetulia tuli, maana radhi ilikuwa ya kweli.

Sasa Mheshimiwa, wewe umefungisha ndoa ngapi? Hujui kwamba ndoa husimama juu ya uongo mdogo mdogo? Umependeza. Sijachoka. Ndugu zako hawanisumbui hata kidogo. Marehemu mume wangu alizisifu nguo zangu miaka kumi na tisa, na mpaka leo sijui ipi aliichukia. Huo ndio ustaarabu. Binti yangu ataishije na mtu ambaye akisema neno la kumfurahisha mkewe, nyuma yake inamshitaki? Na mimi nitampikiaje tena?

6. Wajukuu. Mwalimu mstaafu anasema mimba yao ni miezi kumi na moja, na kwamba mtoto wa mama kama binti yangu anaweza kuja na miguu miwili au minne, hakuna mwenye kuagiza. Akija na miwili, karibu. Akija na minne, ndani ya saa moja amesimama, na kabla ya chakula cha mchana anakimbia. Watu wanaona hiyo ni neema. Mimi nina mbeleko niliyombebea binti yangu. Tangu tangazo libandikwe nimeifua mara nne, na haikuwa chafu. Mtoto akizaliwa asubuhi na adhuhuri yuko mlangoni anatoka, mimi nitambeba lini? Swali hili halina kejeli ndani yake. Naomba lijibiwe na mtu mwenye cheo.

7. Umbali. Nimeliweka mwisho kwa sababu sikupenda kuliandika. Ni mila yao kwamba siku ya arusi bwana humpandisha bibi mgongoni, akaondoka naye. Pale atakapochoka akakunja miguu, hapo ndipo nyumbani kwao, na hapo ndipo watakapojenga. Kwa watu kama sisi mila hiyo isingekuwa na madhara. Marehemu mume wangu alibeba sanduku langu la nguo, akafika kona ya fundi viatu, akasema mgongo unamwuma. Ndiyo maana niliishi hatua mia mbili kutoka kwa mama yangu, nikamwogesha alipokuwa hajiwezi, nikawa naye mpaka pumzi ya mwisho. Ningeolewa na mtu mwenye nguvu, nisingemfikia.

Huyu tarishi humaliza mitaa kumi na minne kabla ya chai, kisha huuliza kama kuna kifurushi kilichosahauliwa. Hachoki, Mheshimiwa! Jasho lenyewe sijaliona. Akiondoka na binti yangu asubuhi, jua likizama nitakuwa mtu wa kupata habari za mwanangu kwa barua, na aliyekuwa akiniletea barua ndiye aliyemchukua. Nitabaki na vyerehani viwili na mtu mmoja wa kuvikalia. Naogopa, na naandika hivyo kwa wino usiofutika.

Kwa hayo yote, naomba ndoa hii izuiwe. Kama sheria haikupi uwezo huo, basi utoe amri yenye mhuri kwamba bwana arusi ametambuliwa na serikali kuwa amechoka, kuanzia mlangoni kwangu. Mmewahi kutangaza mambo ya ajabu kuliko hilo. Barabara yetu ilitangazwa kwamba imekamilika.

Jambo la mwisho. Barua hii italetwa kwako na mshitakiwa mwenyewe, kwa kuwa mtaa huu hauna tarishi mwingine. Nimeishona bahasha kwa uzi wa turubai. Isipofika, usishangae, na uihesabu kuwa sababu ya nane, kwamba mtu huyu hafai hata kuaminiwa karatasi, sembuse mwana wa mtu.

Msalimie karani wako mwenye kikohozi, mwambie asinywe maji baridi. Mlinzi wa getini aambiwe suruali yake iko tayari tangu mwezi uliopita. Mama wa mapokezi, yule aliyenipa kalamu, namsalimu sana, na kalamu bado ninayo. Wewe mwenyewe nakusalimu, pamoja na wa nyumbani kwako na wote uliokwisha kuwafungisha, walio pamoja na walioachana.

Ni mimi ninayekuheshimu, walau mpaka kesho saa tisa ofisi inapofungwa,

Mama Mkasi,
Fundi wa mlango wa buluu.

Tanbihi: Nimefumua uzi ili niongeze haya. Tarishi alifika asubuhi hii, nikamkabidhi bahasha. Akalisoma jina lako, akaipima mkononi kama anavyozipima zote. Nikamwuliza kama anajua kilichomo. Akasema, "Sijui, mama." Mkia ukapiga kushoto, ukapiga kulia. Nikamwuliza kama itakufikia kesho kabla hamjafunga. Akasema, "Itafika, mama. Kesho ndiyo mwisho wa kupokea." Mkia tuli. Kwa hiyo, kama barua hii haikukufikia, shikilia kila neno nililoandika. Kama imekufikia, sababu ya nane imekufa, na zile saba hazijisikii vizuri.

Nilimwomba anirudishie kidogo niandike haya. Wakati ananisubiri, akakunja miguu, ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, akakaa kwenye kizingiti changu, juu ya vipande vya sare. Nikashtuka, nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Nimechoka, mama." Alikuwa ametoka nyumba ya jirani, na ile ilikuwa barua yake ya kwanza ya siku. Mkia ukapiga kushoto, ukapiga kulia, ukaangusha kopo lote la vifungo.

Binti yangu anaviokota sasa hivi, mimi naandika. Kwenye cheti, mahali pa makazi, weka mlango wa buluu. Na vile vipimo nilivyoambatanisha kama ushahidi, nirudishie haraka kwa tarishi huyo huyo. Koti bado halina mikono.