Ndege Yaruka, Mishahara Yagoma

Gazeti, kama walivyomwita kwa kuwasomea habari kila siku, alilikunjua gazeti lake taratibu, kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda, akakohoa, akangoja watu wanyamaze. Hawakunyamaza hata kidogo, akaanza hivyo hivyo.

"Sikilizeni nyie! 'Ofisi ya Maghala yaingia zama mpya. Meneja azindua kompyuta inayofanana kwa kila kitu na ile inayosifika duniani kote, kwa nusu ya bei.' Na picha hii hapa. Meneja kaishika begani."

"Kompyuta ina bega?" akauliza Wakili, ambaye hakusomea sheria popote ila alibishana na kila mtu bila ada.

"Ya kwake inalo. Njoo utazame."

Benchi lao lilikuwa kwenye baraza ya duka lililofungwa siku nyingi, likitazamana na ofisi hiyo hiyo ya maghala. Mama Kahawa alikuwa akipuliza makaa. Kwenye ncha ya benchi aliketi Bi Taipu, mpiga chapa wa ofisi, kahawa ikimpoa mkononi. Pichani hakuonekana, ingawa kile kiwiko kilichokatwa pembeni kilikuwa chake.

"Hongera, dada," Wakili akamwambia. "Sasa mishahara mnabonyeza tu, inatoka."

"Haitoki kabisa," akasema Bi Taipu.

Benchi zima likamgeukia. Hata Mama Kahawa akaacha kupuliza.

Ikabidi awaeleze. Programu ya mishahara ilitengenezwa kwa ajili ya ile kompyuta maarufu. Ukiitia disketi yake ndani ya huyu pacha wa bei nafuu, inakukaribisha vizuri, inachora mstari mmoja juu ya skrini, halafu inaganda kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Bonyeza mpaka kucha zing'oke, haitikisiki. Na Meneja ameshatamka: ama ifunguke leo, ama kesho analeta mpiga chapa mwingine, "anayezijua hizi mashine."

Hakuwaambia kwamba usiku uliopita alimnyonyesha mwanawe huku akiupitia mwongozo wa mashine ukurasa kwa ukurasa, mtoto akivuta karatasi na yeye akivuta huku, wala kwamba bila kazi hii darasa lake la jioni ndiyo basi tena. Alikunywa tu kahawa yake ya baridi.

"Kwani haikujaribiwa dukani?" akauliza Fundi Redio.

"Ilijaribiwa. Na Meneja mwenyewe."

"Kwa programu ya mishahara?"

"Kwa mchezo wa ndege."

Wakatazamana.

"Muuzaji alimwambia ndege ikiruka, basi kila kitu kitakwenda. Meneja akarusha. Akapita juu ya milima, juu ya mito, akatua, duka zima likampigia makofi. Akatia sahihi pale pale."

Gazeti alicheka mpaka miwani ikamdondokea mapajani. "Loo! Kumbe ofisi ina rubani, haina mishahara!"

"Mkija kazini mfunge mikanda," akadakia Mama Kahawa.

"Ngojeni kwanza," Wakili akainua kidole. "Imeandikwa inafanana kwa kila kitu. Sawa ni sawa. Kosa ni la mtumiaji."

"Kosa ni la kichwa chako," Fundi Redio akamwambia. "Sikiliza, bwana mkubwa. Kuna programu zenye adabu. Inapiga hodi, inamwuliza mwenye nyumba, 'Sukari iko wapi?' Inapewa. Na kuna zile zilizozoea nyumba moja. Hodi haina, inaingia gizani moja kwa moja mpaka jikoni, inapeleka mkono rafuni. Sasa hii nyumba ya pili mlango ni ule ule, rangi ni ile ile, ila rafu iko ukuta wa pili. Huo mkono utashika nini?"

"Sufuria ya moto," akasema Mama Kahawa.

"Ndiyo kuganda kwenyewe!"

"Na ndege ilirukaje?" Wakili akang'ang'ania.

Fundi akamgeukia Bi Taipu. "Disketi ya ndege ilitoka wapi?"

"Mfukoni mwa muuzaji."

"Basi hiyo ilishaonyeshwa rafu zote!"

"Na wewe fundi wa redio umeyajulia wapi haya?" akauliza Wakili.

"Niliwahi kufungua kompyuta moja."

"Ukaitengeneza?"

"Nimesema kufungua."

Walikuwa bado wanamcheka Fundi pale Meneja alipoivuka barabara, tai imemkaa upande. Vicheko vikamezwa pamoja na kahawa.

"Bi Taipu, nakutafuta. Bodi inakuja mchana. Piga barua ya malalamiko kwa muuzaji, upesi."

"Nipige kwa mashine gani, Bwana Meneja? Taipu uliigawa siku ya picha."

"Si kompyuta ina programu ya barua?"

"Nayo imeganda."

Gazeti akajificha nyuma ya gazeti. Likawa linatetemeka.

Meneja akatoa kalamu na karatasi. "Basi andika kwa mkono. Nitakusomea." Akapandisha sauti kama yuko mbele ya bodi. "'Mashine ilipokelewa ikiwa nzima. Iliharibika baada ya kuguswa na mpiga chapa asiye na ujuzi...' Mbona huandiki?"

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, haijashuka. Bi Taipu alijua akiliandika neno hilo, hakuna ofisi nyingine itakayompa hata kiti. Sauti ikamtoka laini, ile anayombembelezea mwanawe.

"Naandika, Bwana Meneja. Ila barua ya malalamiko huanza na majaribio. Nani aliijaribu mashine kabla haijanunuliwa?"

"Andika ilijaribiwa na ofisi."

"Ofisi ina vidole?"

Kwenye mlango wa ofisi makarani wawili walikuwa wamesimama wakitazama upande wa benchi, na wote wawili walikuwepo dukani siku ile ya makofi.

Meneja akawaona. Akaitengeneza tai, ikazidi kwenda upande.

"Toa hilo la mpiga chapa," akasema chini chini. "Andika programu yetu haiendani na mashine yao. Basi."

"Na aliyeijaribu?"

"Jina langu."

"Kwa kirefu?"

"Kwa kirefu."

Bi Taipu akaliandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, herufi kubwa, kisha akampa kalamu aweke sahihi.