Mpiga Mswaki wa Kiboko wa Kale

Jumatatu, 4 Machi
Taya la kiboko limefika! Limegeuka jiwe zamani za kale. Meno yote yako mahali pake, ila yamefunikwa na ukoko wa chokaa kama sufuria ya mpishi mvivu. Mama Miwani, msimamizi wetu hapa makumbusho, ametangaza kwamba atakayelisafisha ataandikwa jina kwenye kibao cha kabati la kioo. Kwanza mtihani: kila mmoja amepewa jino lililovunjika la kujaribia. Tuko wawili tu, mimi na Konokono. Tumemwita hivyo kwa sababu jino moja humchukua kutwa, na akimaliza hulitazama kama anaagana nalo. Nimeshashinda.

Nyumbani nimemwambia mama mkwe kwamba taya ni langu. Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya ufunguzi wa maonyesho, atakuja kusoma jina la mkwewe. Huyu mama huwaambia watu kuwa binti yake ameolewa na mpiga mswaki wa wafu. Atakoma!

Jumanne, 5 Machi
Utaratibu wa Mama Miwani unachosha kuusikia tu. Paka gundi kwenye jino ili asidi isilile. Acha ukoko wazi. Loweka kwenye asidi iliyozimuliwa mpaka haina ukali hata wa ndimu. Suuza, kausha, chokoa kwa sindano chini ya hadubini. Rudia mpaka ustaafu!

Nikamwambia Konokono kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Akajibu, bila kuinua macho, kwamba haraka haraka haina baraka.

Alhamisi, 7 Machi
Mbinu! Nikizidisha nguvu ya asidi, kazi yote inaisha asubuhi moja. Gundi italinda jino; si ndiyo kazi yake? Nimesubiri Mama Miwani aende kikaoni. Jino na ukoko vyote vina rangi ya chai ya maziwa, lakini jicho la fundi halidanganyiki. Nikapaka, nikatumbukiza. Mapovu! Konokono alikuja akasema kwa upole kwamba labda ningechungulia kwanza kwenye hadubini. Wivu huo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetoa kitu safi, kinang'aa, umbo la ajabu. Nikampelekea Mama Miwani juu ya pamba. Alikigeuza, akakigeuza tena, akavua miwani. Kisha akanieleza, polepole kama anayetoa habari za msiba, kwamba nimeupaka gundi ukoko na kuliacha jino wazi. Jino lote limeliwa. Nilichoshika ni ukoko mtupu, uliohifadhiwa kwa ustadi ambao hajawahi kuuona.

Taya limekwenda kwa Konokono. Na mama mkwe ameshashona nguo ya ufunguzi! Niliingia stoo nikalia kidogo.

Jumatano, 13 Machi
Konokono hana akili sawasawa. Leo amevuta kiti cha pili, akasema gego la nyuma ni langu. Akanishika mkono, akaiongoza sindano. Akanikataza kupaka chochote kabla sijamwonyesha jino linaishia wapi na ukoko unaanzia wapi. Kutwa nzima, jino moja! Ukoko ulitoka punje punje, na chini yake gego likajitokeza, linang'aa, lina mikwaruzo ya nyasi alizotafuna. Nimempenda ghafla yule kiboko. Na Konokono pia, kidogo.

Jumamosi, 16 Machi
Ufunguzi. Mama mkwe alikwenda moja kwa moja kwenye kibao. Jina moja. Si langu. Nikatafuta mlango wa dharura. Hapo Konokono, mtu wa maneno machache, akamwamkia, akamwonyesha gego la nyuma na kumwambia kuwa hiyo ni kazi ya mkwewe, na ndilo safi kuliko yote. Uongo mtupu! Mama mkwe aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Kisha akamwambia mgeni wa pembeni, asiyemjua kabisa, kwamba mkwe wake ni fundi wa meno.

Nilitaka kumkumbatia Konokono. Nikamkanyaga mguu.

Jumapili, 17 Machi
Heshima imeingia nyumbani! Baada ya chakula cha mchana mama mkwe amenikabidhi, mbele ya mke wangu, meno yake ya bandia. Mama ambaye hajawahi kuniachia hata kikombe chake! Anasema yana ukoko, na hamwamini mtu mwingine. Amejilaza kidogo; akiamka atayataka, kuna wageni. Pakiti ya dawa ya kuyasafishia inasema yalowekwe usiku kucha. Usiku kucha! Hayo ni mambo ya akina Konokono. Nimechemsha lita nzima ya siki na kuyatumbukiza. Yameanza kulainika vizuri.