Msitu wa Siku Tatu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Barua imefika. Mkaguzi wa utalii atakuja Jumatano kuona kama hoteli yangu ya vyumba sita inatunza mazingira. Nikipata cheti, wale watalii kumi na wawili wa mwezi ujao ni wangu. Nikikosa, nafunga hoteli. Mazingira! Mlima wa nyuma niliufyeka mwenyewe, nikachoma mkaa, nikajenga baa. Wakati ule nilisifiwa kwa maendeleo. Leo eti wageni wanataka vivuli.

Shemeji, dada wa mke wangu, ana vijumba vyake vitatu ng'ambo ya barabara. Hajawahi kukata hata kijiti. Ana miti, ana vyura, na maringo juu.

Jumanne, tarehe 4
Akili ni mali! Nimekata matawi themanini, nimeyachomeka mlima mzima. Ukitazama kutoka baa, msitu kabisa. Mke wangu kauliza nimeyatoa wapi. Kwenye ile miti mitatu iliyobaki, nikamjibu, kwani ilikuwa na kazi gani? Shemeji kapita, kacheka. Husuda tu.

Jumatano, tarehe 5
Mkaguzi hakuja! Gari lake limeharibika, atafika Ijumaa. Watu wa ofisini bwana, hovyo kabisa. Jua kali, majani yananyauka. Nimeyamwagilia tangi zima. Mke wangu kaja mbio: mgeni wa chumba cha nne yuko bafuni, povu kichwani. Avumilie! Si anapenda mazingira?

Ijumaa, tarehe 7
Kaja. Kijitu chenye daftari. Msitu wote umekuwa rangi ya kahawia. Nikamwambia ni miti adimu, ndivyo ilivyo. Akashika mmoja, ukang'oka, akauliza mizizi iko wapi. Nikasema bado michanga. Akaomba maji ya kunawa. Tangi kavu! Akavuka barabara kwenda kunawa kwa shemeji, akakaa kivulini, akaandika mpaka jioni. Kwangu hakurudi. Hana adabu.

Jumapili, tarehe 9
Cheti kwa shemeji. Watalii kwa shemeji. Mke wangu naye kahamia huko, eti mpaka maji yarudi.

Shemeji kaniletea miche ishirini. Kasema nikiitunza, baada ya miaka mitano nitakuwa na kivuli na ile chemchemi ya mlimani iliyokauka itajaa tena. Miaka mitano! Nimewapa mbuzi, wameimaliza kabla ya chai.

Nimeagiza miti ya plastiki, themanini. Hainyauki, hainywi maji. Sasa mkaguzi aje siku yoyote anayotaka.