Ombi la Mvua kwa Siku Yetu ya Bahari

Kwa Msimamizi wa Ufuo,
Halmashauri ya Mji wa Withernby.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Barnsley. Mimi naitwa Lewis Hepworth. Hunijui, na hata ungeniona usingenikumbuka, kwa sababu huwa nakaa kiti cha nyuma, katikati. Shule sikufika mbali, kwa hiyo unisamehe nikiandika kama ninavyosema. Kusema kwenyewe pia kunanishinda, ndiyo maana naandika.

Nalalamika kuhusu jua mlilotupa mwaka jana.

Familia yetu inakuja Withernby kila mwaka, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, tangu Mama alipokuwa mtoto. Mama anaendesha. Mjomba Trevor anakaa mbele kwa sababu ya magoti yake. Nyuma ni Bibi, mimi, na mdogo wangu Keeley. Tunaegesha pale ukutani, pua ya gari inatazama bahari. Mvua inanyesha. Tunafungua chupa ya chai, tunakula mikate ya nyama, vioo vinaingia ukungu, tunaangalia waipa zikifuta maji. Ikifika jioni Bibi anasema, "Leo tumefaidi," tunarudi nyumbani. Hatujawahi kuwa na malalamiko.

Mwaka jana jua liliwaka kutwa, bila hata wingu la kusingizia. Matokeo yake ni haya:

1. Tulilazimika kushuka. Mama alizima gari, akamimina chai, tukangoja mvua. Haikuja. Joto likazidi mle ndani mpaka siagi ikayeyuka. Bibi akauliza, "Sasa tunafanya nini?" Hakuna aliyejua. Keeley akasema, "Watu wengine wanashuka." Mjomba akamjibu, "Watu wengine hawana adabu." Lakini tulishuka.

2. Shakwe wenu, wale ndege weupe wa baharini. Siku ya mvua shakwe anasimama kwenye boneti, anatuangalia tunavyokula, na sisi tunamwangalia, kila mtu na upande wake wa kioo. Mwaka jana alimpokonya Mjomba samaki mzima mkononi, pamoja na siki yake. Mjomba akamwita jina ambalo siwezi kuliandika kwa ofisi ya serikali. Bibi akasema, "Trevor, kuna mtoto hapa." Mjomba, macho bado kwa shakwe, akamjibu mama yake, "Yule si mtoto, Mama, yule ni jambazi."

3. Hili ndilo kubwa. Mjomba alichimbia pazia la turubai la kuzuia upepo, akatuzungushia, tukajikuta tumekaa duara, tunatazamana usoni. Mheshimiwa, sisi si watu wa kutazamana.

Kwenye gari wote tunatazama bahari. Hakuna anayeona uso wa mwenzake, na mvua inapiga paa kiasi kwamba ukitaka unaweza kujifanya hukusikia. Mambo yote ya nyumbani kwetu yamesemwa pale. Ni pale Mama alipotuambia Baba harudi tena. Ni pale Mjomba aliposema wamemwachisha kazi ghalani, Bibi akampa mkate, akamwambia, "Kula, usimlowanishie dada yako kiti kwa machozi." Hata Bibi mwenyewe, habari ya upasuaji wake aliisema huku anaangalia meli.

Mimi mwaka jana nilikuja na jambo langu. Nilitaka kuwaambia nina mchumba, anaitwa Kirsty, tunafanya kazi pamoja kiwanda cha biskuti. Nilifanya mazoezi njia nzima, kimoyomoyo. Basi Mama akanikazia macho kwenye jua lile. "Lewis, una nini wewe, mbona umekuwa mwekundu hivyo?" Nikasema ni jua. Kisha nikaomba chumvi.

4. Kwa sababu hiyo jambo halijasemwa mpaka leo, na sasa limekua. Kirsty ana mimba ya miezi sita. Ameniambia, "Ukirudi kutoka baharini hujawaambia, nakuja kwenu mwenyewe, na tumbo litatangulia kuingia." Kirsty huwa hatanii. Mama akilijua jambo kwa njia ya mlangoni, sijui atanisamehe vipi. Sisemi halmashauri ndiyo iliyompa Kirsty mimba, hapana. Nasema tu kwamba mnahusika.

Kwa hiyo naomba mvua Jumamosi ijayo, kuanzia chai ya kwanza mpaka chipsi. Si lazima iwe kubwa, iwe ya kupiga paa tu. Wenye kukodisha viti vya turubai watashukuru, viti vyao havitachakaa.

Kama mbingu zitakataa, naomba gari la zimamoto. Lisimame nyuma yetu, watumwagie maji juu ya paa polepole. Gari letu ni la bluu, mlango umebonyea. Wengine waachwe na jua lao. Punda wanaobeba watoto pale ufuoni msiwamwagie, hawana kosa. Na kama siku hiyo kutakuwa na moto mahali pengine, naomba mwenye moto aambiwe asubiri kidogo, maana wangu umewaka tangu mwaka jana.

Nisalimie wote hapo ofisini, wakaanga samaki, yule mzee wa punda, na hata shakwe, mimi sina kinyongo naye.

Ni mimi, wa kiti cha katikati,
Lewis Hepworth

Nyongeza: Nilipomaliza kuandika jina langu hapo juu, Mama alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo, bomba liko wazi. Akauliza, "Unamwandikia nani makaratasi yote hayo?" Sijui nini kilinipata. Maji yalikuwa yanapiga sinki. Nikakiangalia kisogo chake nikasema, "Mama, nina mchumba, anaitwa Kirsty, na ana mimba yangu." Hakugeuka. Alisuuza kikombe kimoja muda mrefu sana. Kisha akasema, "Mapenzi ni kikohozi, Lewis. Nimekusikia unakohoa tangu siku ile uliyoomba chumvi. Jumamosi mwambie aje."

Kwa hiyo tafadhali futa ombi la mvua, na la zimamoto pia. Kirsty atakuja kwa treni atukute huko. Gari lina viti vitano na vyote vina wenyewe, na hatuwezi kumwacha mjamzito nje ananyeshewa. Naomba jua, la kutwa nzima, kama lile lile. Tutakaa duara.