Lukumani Anakimbia, Kartie Yote Inakimbia

Jumatatu, 1 Septemba
Nafasi ya arbitre wa mupira imebaki moja tu hapa Kasongo! Tesiti ya mbio ni Jumamosi. Tuko wawili: mimi na Abdoul kinyozi, mutu wa kujisikia sana. Binti yangu Chadia ameshatangazia darasa lake zima kwamba Jumapili papa yake atapuliza filimbi. Nimejaribu mbio kidogo uani. Muke wangu Mwamvita ameniuliza kama naumwa. Nimemujibu kwamba huko ndiko kujiandaa.

Jumanne, 2 Septemba
Nimetoka alfajiri, watu wasione tumbo langu. Kosa kubwa! Hapa kwetu mutu akikimbia gizani hakuna anayeuliza kitu. Wanajua vita imefika. Nimegeuka, kumbe nyuma yangu iko kartie yote, mutaa muzima, magodoro kichwani. Nikawapungia mukono warudi. Wakadhani nawahimiza, wakaongeza mbio. Mama mukwe alinipita, mbuzi begani! Nilimufikia karibu na muto, tena kwa sababu alisimama kufunga kitenge. Hajanisemesha mupaka sasa.

Jumatano, 3 Septemba
Shefu wa kartie ameniita. Hakufoka sana, naye alikimbia, akapoteza kiatu. Ameamua: nikitaka kukimbia, mutangazaji wa kartie atangulie, aseme ni Lukumani tu, watu walale. Mutangazaji ni Papa Amisi. Anatembea na fimbo, na kila mulango anasimama kuuliza habari za nyumbani. Kumupita muzee ni kukosa adabu. Asubuhi nzima tumefika musikitini tu. Jasho, hata tone!

Alhamisi, 4 Septemba
Mvua. Alhamdulillah.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimepata mupango! Mutu aliyeshiba hakimbii. Mwamvita amepika bugali kubwa na sombe, majani ya muhogo kwa mawese, nikamualika Abdoul baada ya swala. Yule jamaa anaonja tu na kusifu mupishi. Nikiacha kula, naye anaacha. Ikabidi nimuonyeshe mufano. Sufuria imekwisha. Nafikiri nimeimaliza mimi.

Jumamosi, 6 Septemba
Sitaki kuandika. Abdoul alimaliza, akapumzika, akavaa shati. Mimi nilitapika kwenye kona, nikaendelea kwa kutembea. Musimamizi alikuwa ameshaweka saa yake mufukoni. Sauti ilibaki moja kiwanjani: Chadia, akiniita papa, papa, songa! Nikamaliza. Nimeona haya hadi machozi yakatoka.

Jumapili, 7 Septemba
Abdoul amechezesha mechi vizuri, shenzi yule! Chadia aliketi nami, hakuniachia mukono. Wenzake walimucheka. Akawaambia papa yake alimaliza, wao walikuwa wapi? Halafu akaniomba niwe nakimbia naye kila asubuhi akienda shule. Watu wakiona mutoto na mufuko wa madaftari hawataogopa. Moyo umenijaa. Nimemukumbatia. Mutoto iko na akili!

Lakini kukimbia kila siku, juu ya nini? Iko tesiti nyingine Kabambare, na kule hawajui sura yangu. Ndugu yangu Ismaël tunafanana sana, na mbio anazo. Nimemuomba aende akimbie kwa jina langu, halafu aniletee filimbi. Amekubali palepale, hata soda hakuomba. Amesema tu kwamba tangu utoto wake alitamani kuwa arbitre. Ndugu wa namna hii nitamupata wapi?