Kakakuona wa Kundi la Tambi Moto

Jumatatu, 14 Oktoba

Tumefika Hifadhi ya Bonde la Lanxi. Mvua. Basi lilikwama kwenye tope langoni, nikawa wa kwanza kushuka kusukuma, ili nionekane. Nimeonekana. Basi liliponasuka mimi nilibaki pale pale, kifudifudi. Wanafunzi walipiga makofi.

Si kitu. Anayetakiwa kuniona bado hajafika. Bi. Mkuu Hsieh anakuja Alhamisi. Makamu wake anastaafu mwisho wa mwaka, na Bi. Mkuu alishasema wazi kwamba kambi hii itamwonyesha nani anaweza kuongoza watoto nje ya kuta nne. Tuko wawili tu. Mimi, Lo Chia-hung, hisabati, mkongwe wa shule. Na Mwalimu Tseng Yu-fen, biolojia, kaja juzi tu, na watoto wanamfuata kama vifaranga. Haki iko wapi?

Tumegawana makundi. Langu nilipendekeza liitwe Mabingwa wa Bonde. Wakapiga kura. Linaitwa Tambi Moto. Kiongozi wao ni Kuan-ting, mtoto mwenye maswali kuliko askari wa barabarani. Yuko pia Shu-hui, ambaye tangu Septemba hajafungua kinywa darasani kwangu. Anatikisa kichwa tu. Kikosi gani hiki!

Askari wa hifadhi, dada mmoja wa Kiatayal, watu wa asili wa milima hii, aitwaye Yayut, ametuonya: marufuku kumpa mnyama chakula, hata chembe. Nimeitikia kuliko wote.

Jumanne, 15 Oktoba

Mpango wa kwanza. Mwalimu Tseng anasema mnyama huonekana na anayejua kunyamaza. Tambi Moto hawajui kunyamaza, hata wakiwa na chakula mdomoni. Basi mnyama aje mwenyewe! Alfajiri nikapanga vipande vya viazi vitamu kutoka msituni hadi mbele ya hema letu. Paa atakuja akila, watoto watachora, Bi. Mkuu ataona michoro.

Hakuja paa. Walikuja kima.

Ukoo mzima. Walimaliza viazi, wakaingia hemani kwangu kama wapangaji wenye ufunguo. Wakatoka na boksi la keki za nanasi nililomnunulia Bi. Mkuu. Mzee wao, dume moja lenye mashavu mekundu, alikaa juu ya hema akimenya keki moja moja na kunitazama kama mkaguzi wa elimu. Nilimtupia kiatu. Akakidaka. Hajakirudisha.

Yayut alikuja akauliza viazi vimetoka wapi. Nikasema vilidondoka. Akauliza vilidondokaje kwa mstari ulionyooka hivi. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa hisabati.

Kundi la Tseng limemwona paa na mtoto wake, mtoni, bila kiazi. Nimempongeza. Meno yaliniuma kwa kule kutabasamu.

Jumatano, 16 Oktoba

Sijakata tamaa. Nimezidi kuwa na akili.

Nimemsikia Yayut akiwaambia watoto kwamba upande huu wa bonde hakuna aliyeona dalili ya kakakuona kwa miaka mingi. Nikasema moyoni: Lo, mlango huo, ingia.

Wakati wa kupumzika baada ya chakula cha mchana nilikwenda Njia ya Juu na vijiti vyangu vya kulia na kifuniko cha chupa ya achari. Kifuniko, wayo. Vijiti, kucha. Nilitengeneza nyayo nzuri mno kwenye tope, karibu niamini mwenyewe. Jioni nikawapitisha Tambi Moto pale, nikijifanya naangalia ndege. Kuan-ting akaziona, akapiga ukelele. Kijana mzuri!

Mwalimu Tseng akaitwa. Akapiga magoti kwenye tope bila kujali suruali. Akazipima moja moja kwa kidole, nami nikaanza kutokwa na jasho. Kisha akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Macho yalikuwa yamemlowa. Akaniambia, “Mwalimu Lo, tangu chuo nimezingoja nyayo hizi.”

Nilifungua kinywa nimwambie. Nilikifungua kweli. Akaingia mbu.

Yayut naye kaleta janga. Kapiga simu ofisini kwao, wameifunga Njia ya Juu yote ili mnyama asisumbuliwe. Wenzake wamepandisha kamera mlimani, kwenye mvua, mabegani. Na Njia ya Juu ndiyo tuliyopangiwa kutembea kesho na Bi. Mkuu! Tambarare, ina ngazi za mbao na maporomoko ya maji mwishoni. Nilishaandaa hotuba ya pale kwenye maporomoko. Sasa tutapita Njia ya Chini. Nimemwuliza mpishi wa kambi ikoje. Amecheka, akaniambia nichomeke suruali ndani ya soksi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Njia ya Chini ina ruba.

Bi. Mkuu amekuja na suruali nyeupe. Nilimwambia ni njia niliyoichagua mwenyewe kwa ajili ya ukimya wake. Hatujafika mbali Kuan-ting akaanza kumhesabia ruba kwa sauti, kama kondakta anayehesabu abiria. Bi. Mkuu alikuwa mstaarabu. Aliuliza tu, kwa upole ulionitia baridi, kama ukimya wenyewe utaanza saa ngapi. Makundi yote mawili yalikuwa nyuma yetu, pamoja na Yayut. Mwalimu Tseng alikuwa akiwatoa watoto ruba kwa chumvi na kuwaimbia.

Hapo Shu-hui akanivuta mkono wa shati. Akaongea! Sauti ndogo, lakini sauti. “Mwalimu, kile kitu kinapumua.”

Chini ya mti, katikati ya mizizi, palikuwa na tufe la magamba, kubwa kama tikiti, la kahawia. Nikalitazama. Nikaelewa yote mara moja. Watoto hawa wamegundua nyayo zangu! Wamekaa wakagandisha magamba ya misonobari kwenye mpira, wameniwekea hapa niumbuke mbele ya Bi. Mkuu. Damu ikanipanda.

Nikauliza ni nani kati yao anayenichezea shere. Nikauliza kwa sauti. Shu-hui akarudi nyuma. Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini nikaendelea. Nikanguruma, “Mnadhani mimi sijui kitu bandia? Zile nyayo nilizichora kwa vijiti vyangu mwenyewe, na zilikuwa nzuri kuliko hiki kinyago!”

Kimya. Ukimya ule ule niliomwahidi Bi. Mkuu.

Na katikati ya ukimya tufe likafunguka.

Ilitoka pua kwanza. Halafu macho mawili madogo kama mbegu za papai. Kakakuona mzima, hai, akanusa hewa, akapita juu ya kiatu changu (kile kilichobaki), akaenda zake taratibu kama shangazi anayetoka sokoni na kapu. Tambi Moto, kimya! Mwalimu Tseng alikuwa ameziba mdomo kwa mikono, machozi yanatiririka. Yayut alinong'ona kwamba huyu hutembea usiku, leo kachelewa kurudi nyumbani.

Alipopotea vichakani, Kuan-ting akasafisha koo. “Samahani, Mwalimu. Ulisema vijiti gani?”

Nikasema yote. Yayut alicheka mpaka akakaa chini, juu ya ruba. Kisha akaacha kucheka ghafla, akanieleza uzito wa zile kamera. Mchana wote nimezishusha mlimani peke yangu, nikiwa na kiatu kimoja na ndara moja.

Mwalimu Tseng alinikuta njiani. Nilitegemea anitukane, na ningestahili. Akapokea kamera moja, tukateremka. Kisha akasema bila ule uongo wangu tusingepita Njia ya Chini maisha, na kwamba bado amenikasirikia, nisije nikachanganya mambo hayo mawili.

Lilibaki deni moja. Wakati wa chakula nilimfuata Shu-hui nikamwomba radhi. Nilisema ameona vizuri kuliko mimi, na nilimfokea bila kosa. Alimaliza kutafuna. Akasema amenisamehe, ila nilibweka kama paa wa hapa anaposhtuka. Kisha hakunyamaza tena! Kanieleza ulimi wa kakakuona, mchwa anaokula, jinsi mtoto wake anavyopanda mkiani mwa mama. Wali wangu ulipoa. Sikujali.

Ijumaa, 18 Oktoba

Tumerudi. Bi. Mkuu katangaza ndani ya basi: makamu mpya ni Mwalimu Tseng. Watoto walishangilia mpaka dereva akapiga honi. Nilishangilia pia, na ajabu, nusu ya shangwe ilikuwa ya kweli.

Kuhusu mimi, Bi. Mkuu kasema atazungumza nami Jumatatu, mlango ukiwa umefungwa. Lakini Tambi Moto wamemsihi, wakiongozwa na Shu-hui, aliyesimama kabisa na kuongea, kwamba mimi niende nao kambi ya majira ya kuchipua. Hoja yao: kwa Mwalimu Lo huwa kunatokea kitu. Bi. Mkuu kakubali, kwa sharti nisichore chochote popote. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo safi. Sitachora nyayo tena maishani mwangu.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimesoma habari za kambi hiyo. Ni pwani ya kusini, kuangalia domokijiko: ndege mweupe, uso mweusi, mdomo mrefu mweusi uliobapa kama mwiko. Huenda wakaja, huenda wasije. Watoto watasafiri njia yote ile kwa “huenda”? Ni ukatili.

Kiapo changu kinahusu kuchora. Nimekirudia neno kwa neno, hakitaji kitu kingine.

Mama mkwe anafuga mabata meupe. Ni wapole, wanashikika. Nimemwuliza kwa adabu kama wanaogopa rangi nyeusi ya kiatu. Kaniuliza kwa nini. Nimesema ni mambo ya shule.

Mke wangu anazunguka jikoni tangu asubuhi, anatafuta miko yake miwili.