Sauti Juu, Kiboko Mbele

Jumamosi, 12 Julai 2025. Mloka.

Nimeitwa! Kambi ya watalii kule mtoni inataka mpokea wageni mmoja, na tumebaki wawili. Mimi, Twalha, na Muhidini mkaanga samaki, ambaye Kiingereza chake chote kinaenea kwenye kifuniko cha chupa. Meneja, mama wa Kiingereza tunayemwita Mama Jeni, kaniambia maneno ninayo tele ila sauti yangu inawatisha wageni, kama mtu anayefukuza nguruwe shambani. Nguruwe! Majaribio ni Alhamisi.

Na lazima nipate. Barua yangu ya posa iko kwa Mzee Mfaume, babake Tatu, tangu baada ya Idi. Kasema jibu atalitoa nikiwa na kazi. Tatu mwenyewe hana neno, maana sauti yake naisoma. Akivuta "sawaaa", kafurahi. Akiitoa fupi, ikaanguka chini puu, hapo utafute mlango. Muhidini alijaribu bahati yake mwaka juzi, akapewa hiyo fupi, mpaka leo anapita njia ya nyuma. Mimi masikio yangu hayadanganyiki.

Jumapili, 13 Julai.

Nimemaliza bando zima kwenye simu nikiwasikiliza Waingereza. Siri nimeijua! Neno ni lile lile, lakini wakilipandisha mwishoni linakuwa la adabu. Chai? Maziwa? Huku? Wanapandisha na kutabasamu. Basi mimi nitapandisha kila kitu.

Nimefanya mazoezi kwa mama. Nimemwambia kwa Kiingereza kwamba paa letu linavuja, sauti juu. Mama Kiingereza hakijui hata kidogo, lakini kanijibu hajui, nikamuulize baba. Hakuelewa somo.

Jumanne, 15 Julai.

Muhidini kaja kuomba msaada. Kwangu! Kaniomba, kwa unyenyekevu, nimfundishe walau sauti. Nikaona riziki imejileta yenyewe. Nikamwambia wageni wanapenda sauti iangukie chini, nzito, neno moja moja, kama anayetangaza msiba msikitini. Kanishukuru mno, kaniachia na kambare wawili. Moyo ulinisuta kidogo. Nikaongeza ndimu, nikala.

Alhamisi, 17 Julai.

Nguo bado zimelowa, naandika hivyo hivyo.

Tulikabidhiwa wageni wawili, mzee na mkewe, tuwatoe botini tuwapeleke hemani kwao. Mimi mbele, Muhidini nyuma na mabegi, Mama Jeni anafuata akisikiliza. Nilianza vizuri sana. Karibuni? Mimi ni Twalha? Huu ni mto? Yule mzee akanitazama kwa huruma, akaniambia naam, hakika ni mto. Mama Jeni akasema "interesting". Ikapanda, ikabonyea katikati, ikapanda tena. Jamani, kusifiwa!

Kwenye kona ya matete nikamwona. Kiboko. Dume, nje ya maji, kwenye njia yetu, na sisi tuko kati yake na mto. Mtu wa huku haambiwi maana yake: ukimzibia maji, anakuvamia. Wageni walikuwa wanapiga picha ndege, wakanipita wanaelekea pale pale! Nikasema "stop", kwa adabu, sauti juu mwishoni. Mzee akanijibu hapana, ahsante, hawajachoka. Akaendelea. Nikarudia, juu zaidi, nikaongeza na jina la mnyama, nalo juu. Mkewe akasema wangependa sana kumwona kabla hawajaondoka nchini. Ya Rabi! Kiboko akafumbua kinywa. Nikapandisha mpaka sauti ikakatika, ukatoka mluzi.

Ndipo nyuma yangu likaanguka neno: STOP. Moja. Nzito. Muhidini! Ile ya msiba, vile vile nilivyomfundisha. Wageni wakaganda. Mama Jeni akaganda. Mimi nikakaa chini. Muhidini akatuonyesha kwa mkono tusogee kando polepole, tumwachie mwenyewe njia yake. Kiboko akapita, nasikia pumzi zake mpaka sasa, akajitupa mtoni na kutulowesha wote. Yule mama mgeni akamshika Muhidini mkono, hakumwachia hadi hemani.

Ijumaa, 18 Julai.

Kazi kapewa Muhidini. Kazi yangu! Kwa sauti niliyomfundisha mwenyewe! Nimelia, sifichi, na swala ya Ijumaa nimekaa safu ya mwisho asinione mtu.

Lakini bado sijashindwa. Muhidini kaambiwa "good", fupi, ikaanguka, basi. Mimi nilipouliza kama nitaitwa tena, Mama Jeni kanipa "maybe" ndefu, yenye vilima na mabonde, na kichwa kakilaza upande. Mtu hamalizi pumzi yote hiyo kwa ajili ya kumfukuza mwenzake.

Jumamosi, 19 Julai.

Nimekaa nimefikiri, kosa langu nimeliona. Sikupandisha vya kutosha. Jumatatu naenda Kibiti kutafuta chumba, nifungue darasa la sauti ya Kiingereza. Watajaa mpaka barazani.

Nimepita kwa Tatu kumweleza yote, tangu kiboko mpaka darasa. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. Akasema "sawa". Fupi, ikaanguka chini puu. Kakubali papo hapo, bila swali hata moja! Moyo wangu umetulia.

Natoka uani, Mzee Mfaume naye akanikabidhi barua yangu ya posa, na kile kitambaa nilichoifungia kikiwa kimekunjwa vizuri, akaingia ndani akafunga mlango. Nimeisoma upya njia nzima. Haina kosa popote. Sasa kwa nini airudishe? Nilipofika kwenye kisima ndipo nikaelewa. Mzee anaitaka kwa Kiingereza.

Naanza kuiandika sasa hivi. Na kila sentensi, ili asione ninamwamrisha, nitaiwekea mwishoni alama ya kuuliza.